William Coley: Daktari aliyeitafuta tiba ya saratani ndani ya homa

Na Mwandishi Wetu

HOMA ni mgeni asiyebisha hodi. Mtoto hulala akiwa mzima, na usiku wa manane mama humkuta mwili umechemka, meno yanagongana na mwenyewe analilia blanketi. Nyumba nzima huamka. Huyu anatafuta vidonge, yule analowesha kitambaa kwa maji, na kulipopambazuka safari ya zahanati huanza. Kwa wengi wetu homa ni adui wa kufukuzwa haraka iwezekanavyo.

Zaidi ya miaka 130 iliyopita, daktari mmoja kijana wa mjini New York, Marekani, alifanya jambo ambalo wenzake wengi waliliona kuwa ni wazimu. Aliwatia wagonjwa wake homa kwa makusudi. Aliwadunga vijidudu vya maradhi, akakaa kando ya vitanda vyao na kipimajoto mkononi, akingoja watetemeke. Wagonjwa hao walikuwa na saratani ambazo kisu cha mpasuaji kilikuwa kimeshindwa kuziondoa.

Daktari huyo aliitwa William Bradley Coley. Leo hii wanasayansi wengi humtaja kuwa baba wa tiba inayotumia kinga ya mwili kupambana na saratani. Hata hivyo, alifariki dunia akiwa hajaweza kueleza kwa nini njia yake ilifanya kazi kwa baadhi ya wagonjwa na kushindwa kwa wengine. Jibu lilikuwamo ndani ya homa yenyewe, na lilichukua miongo kadhaa kupatikana.

Mtoto wa Connecticut

Coley alizaliwa Januari 12, 1862 katika eneo la Westport, jimbo la Connecticut, wakati Marekani ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alisoma Chuo Kikuu cha Yale na kuhitimu mwaka 1884. Baada ya hapo alivuka nchi hadi pwani ya magharibi, ambako alifundisha shule kwa miaka miwili katika jimbo la Oregon.

Aliporudi mashariki aliamua kusomea udaktari. Aliingia chuo cha tiba cha Harvard, akamaliza mwaka 1888, kisha akaajiriwa katika Hospitali ya New York kama mpasuaji chipukizi.

Ulikuwa wakati mzuri kwa wapasuaji. Dawa za usingizi zilikuwa zimeshazoeleka na usafi wa vyumba vya upasuaji ulikuwa umeanza kuzingatiwa. Operesheni ambazo zamani zilikuwa sawa na hukumu ya kifo sasa zilikuwa zikifanikiwa. Coley, kama vijana wenzake, aliamini kuwa kisu kikali na mkono thabiti vinaweza kutibu karibu kila kitu.

Imani hiyo haikudumu.

Msichana aliyembadilisha

Mwaka 1890 alikuja kwake msichana wa miaka 17 aitwaye Elizabeth Dashiell, ambaye jamaa zake walimwita Bessie. Alikuwa ametoka kusafiri kwa treni, na safarini mkono wake wa kulia ulibanwa na kiti. Lilionekana kuwa jeraha dogo tu, lakini uvimbe haukutoka na maumivu yalizidi kila siku.

Uchunguzi ulionyesha kuwa ilikuwa sakoma, yaani aina ya saratani inayoshika mifupa, misuli na nyama za mwili. Coley alifanya kile ambacho udaktari wa siku zile ulimwelekeza: aliukata mkono chini ya kiwiko. Haikusaidia kitu. Saratani ilikuwa imeshasambaa, na Januari 1891 Bessie alifariki dunia kwa mateso makubwa, daktari wake akiwa shahidi.

Kifo hicho kiliwaumiza watu wawili kwa namna ambayo ingekuja kuacha alama katika historia. Wa kwanza alikuwa John D. Rockefeller mdogo, mtoto wa tajiri wa mafuta, ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa Bessie. Baadaye familia yake ilitoa fedha nyingi kwa utafiti wa saratani. Wa pili alikuwa Coley mwenyewe, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza hata miaka 30.

Faili la zamani

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Coley aliinama. Alizama katika kumbukumbu za Hospitali ya New York, akisoma faili moja baada ya jingine la wagonjwa wa sakoma waliopita pale. Karibu yote yaliishia kwenye kifo.

Moja lilikuwa tofauti. Lilimhusu mhamiaji wa Kijerumani aliyekuwa na uvimbe wa saratani shingoni. Alikuwa amepasuliwa mara kadhaa na kila mara uvimbe ulirudi. Madaktari walikata tamaa. Kisha, akiwa bado hospitalini, alishikwa na erisipela, maambukizo makali ya ngozi yanayosababishwa na bakteria waitwao streptokoki. Ngozi ilimwiva nyekundu na homa ikampanda juu sana. Homa ilipokuwa ikipanda na kushuka, uvimbe nao ulianza kusinyaa, na mwishowe ukatoweka kabisa. Mgonjwa aliruhusiwa kwenda nyumbani, na faili likafungwa.

Coley hakutosheka na karatasi. Alitoka kwenda kumtafuta mtu huyo katika mitaa ya wahamiaji ya Manhattan, akipita mlango kwa mlango. Alimpata mwaka 1891, yapata miaka saba baada ya kuugua. Alikuwa na kovu shingoni, lakini saratani haikuwapo.

Alipozidi kusoma aligundua kuwa hakuwa wa kwanza kuona jambo hilo. Nchini Ujerumani, Wilhelm Busch alikuwa ameshawahi mwaka 1868 kumwambukiza mgonjwa wa saratani erisipela kwa makusudi. Mjerumani mwingine, Friedrich Fehleisen, ambaye ndiye aliyeonyesha kuwa streptokoki ndio chanzo cha erisipela, naye alikuwa amejaribu miaka ya 1880. Hakuna aliyelifikisha jambo hilo mbali. Coley aliamua kulifikisha.

Dawa ya moto ni moto

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mhamiaji kutoka Italia, mwenye uvimbe shingoni na mwingine kooni uliomzuia hata kula. Mei 1891 Coley alianza kumdunga streptokoki hai. Mwanzoni bakteria walikuwa dhaifu: homa ilikuwa ndogo, na uvimbe ulipungua kidogo kisha ukarudi.

Oktoba mwaka huohuo alipata bakteria wakali zaidi kutoka maabara ya Robert Koch mjini Berlin. Safari hii mgonjwa alishikwa na erisipela ya kweli. Alitetemeka, akachemka na nusura afe. Katika siku chache uvimbe wa shingoni ulianza kuoza na kumeng'enyuka. Mtu ambaye alikuwa amehesabiwa wiki tu za kuishi aliendelea kuishi kwa takriban miaka minane.

Lakini moto huunguza hata aliyeuwasha. Wagonjwa wengine wawili waliodungwa bakteria hai walikufa kwa maambukizo yenyewe. Siku hizo hakukuwa na penisilini, na daktari aliyeanzisha maambukizo hakuwa na namna ya kuyazima.

Coley alibadili njia. Badala ya bakteria hai alianza kutumia bakteria waliokwisha kuuawa. Alichanganya streptokoki na bakteria wa aina nyingine ambao leo huitwa Serratia marcescens, maarufu kwa kutoa rangi nyekundu kama damu. Mchanganyiko huo ukaja kujulikana duniani kama sumu ya Coley.

Januari 1893 aliujaribu kwa kijana mmoja aliyekuwa na uvimbe mkubwa tumboni, usioweza kupasuliwa. Alimdunga dozi ndogo, akaiongeza pole pole, siku baada ya siku. Kila sindano ilileta baridi kali na homa, na kila homa ilipopita uvimbe ulikuwa umepungua. Baada ya miezi michache ulikuwa umekwisha. Kijana huyo aliishi miaka 26 zaidi, na alipokufa ugonjwa uliomuua ulikuwa wa moyo.

Kilichokuwa kikitokea mwilini

Hapa ndugu msomaji inabidi tuiache kidogo hadithi ya Coley, tujiulize swali ambalo yeye hakuweza kulijibu. Bakteria waliodungwa walikuwa wamekufa. Mzoga hauna nguvu za kumchemsha mtu. Homa ilitoka wapi?

Jibu ni kwamba homa haitengenezwi na bakteria. Hutengenezwa na mwili wenyewe, kwa amri, na amri hiyo hupelekwa na wajumbe.

Ukuta wa nje wa bakteria kama Serratia una kitu chenye mafuta na sukari kinachoitwa sumu ya ndani. Mjerumani Richard Pfeiffer, aliyefanya kazi na Koch huko Berlin, ndiye aliyekipa jina hilo, katika miaka ileile ambayo Coley alikuwa akiagiza bakteria kutoka kwao. Kitu hicho hubaki hata bakteria akishakufa. Sehemu chache tu za bilioni ya gramu kwa kila kilo ya uzito wa mtu, zikiingia kwenye mshipa wa damu, zinatosha kumfanya mtu mzima atetemeke katika muda wa saa moja au mbili.

Chembechembe nyeupe za damu, hasa zile kubwa zinazomeza uchafu, zina vipokezi juu ya ngozi yake. Kazi ya vipokezi hivyo ni kutambua vitu vinavyopatikana kwa vijidudu peke yake. Kimojawapo, kiitwacho TLR4, hukamata ile sumu ya ndani. Streptokoki hawana sumu hiyo, lakini wana vipande vingine vya ukuta na sumu zao ambazo nazo huamsha chembechembe hizo.

Chembe nyeupe ikishaamka hutoa protini ndogo ndogo ziitwazo saitokini. Hawa ndio wajumbe. Watatu kati yao ni wakuu katika habari ya homa: TNF, intalukini-1 na intalukini-6. Huingia kwenye damu na kusafiri hadi sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi.

Sehemu hiyo hufanya kazi kama kile kitufe cha kupangia joto kwenye pasi ya umeme. Siku za kawaida kimewekwa kwenye nyuzijoto 37. Wajumbe wakifika, kuta za mishipa ya damu ya pale huanza kutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini E2, na hiyo ndiyo inayokigeuza kitufe, tuseme hadi nyuzijoto 39.

Sasa mwili wenye nyuzijoto 37 unajiona umepoa. Mishipa ya damu ya ngozi hubana ili joto lisitoke, ndiyo maana mikono na miguu ya mgonjwa huwa baridi. Misuli hutetemeka ili kuzalisha joto. Mgonjwa anaomba blanketi huku paji la uso likiwa moto. Joto likishafika pale lilipoagizwa, kutetemeka hukoma. Wajumbe wakipungua, kitufe hurudi chini, na mgonjwa hutoka jasho jingi. Aspirini na dawa za jamii yake hushusha homa kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini. Hazimuui bakteria yeyote; zinamziba mdomo mjumbe wa mwisho tu.

Gharama ya homa ni kubwa. Kila nyuzijoto moja inayoongezeka huongeza matumizi ya nguvu ya mwili kwa takriban asilimia 10. Mwili haungekubali hasara hiyo bure. Katika joto hilo baadhi ya bakteria huzaliana kwa shida, na askari wa kinga hutembea na kuzidisha idadi yao kwa kasi zaidi. Intalukini-6 nayo huliamuru ini lipunguze madini ya chuma katika damu, chuma ambacho bakteria wanakihitaji ili wakue. Mwaka 1975 mtafiti Matthew Kluger na wenzake nchini Marekani waliwaambukiza mijusi wa jangwani bakteria. Waliowekwa mahali penye joto la juu wengi walipona, na waliozuiwa kupata joto wengi walikufa.

Kwa hiyo Coley alipowadunga wagonjwa wake mizoga ya bakteria, alikuwa akipiga king'ora. Jeshi la mwili liliitika, na katika pilikapilika zile baadhi ya askari waliuona pia uvimbe wa saratani ambao kabla ya hapo walikuwa wameupita kama jirani wa kawaida.

Upinzani

Coley hakuyajua hayo. Yeye aliamini, kama wengi wa zama zake, kuwa saratani yenyewe huletwa na vijidudu, na kwamba sumu yake ilikuwa ikiwaua. Maelezo hayo hayakuwa sahihi, na udhaifu huo ulimgharimu.

Kampuni ya dawa ya Parke-Davis ilianza kuitengeneza sumu hiyo kwa ajili ya madaktari wengine kuanzia mwaka 1899. Matokeo yakawa ya kuchanganya. Mchanganyiko mmoja ulikuwa mkali, mwingine dhaifu. Daktari huyu alidunga kwenye uvimbe, yule kwenye msuli, mwingine aliacha baada ya sindano chache kwa kuogopa homa. Wapo waliopona, na wapo wengi ambao hawakupata nafuu. Tayari mwaka 1894 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilikuwa limeishambulia njia hiyo.

Isitoshe, mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei, na baada yake yakaja madini ya rediamu. Mionzi iliweza kupimwa, matokeo yake yalionekana haraka, na ilikuwa teknolojia ya kisasa. Coley mwenyewe aliitumia, lakini aliona kuwa uvimbe mara nyingi hurudi. Katika Hospitali ya Memorial, alikokuwa mkuu wa kitengo cha saratani ya mifupa, alikabiliana na James Ewing, bingwa wa uchunguzi wa uvimbe ambaye aliiamini sana rediamu na hakuwa na subira na sumu ya Coley. Wawili hao walivutana kwa miaka mingi ndani ya jengo moja.

Mgala muue na haki yake mpe. Wapinzani wa Coley hawakuwa watu wabaya. Kumbukumbu zake hazikuwa na mpangilio, dozi zake zilibadilika, na hakuwahi kuwalinganisha wagonjwa waliopewa sumu na wasiopewa kwa njia ambayo ingemaliza ubishi. Daktari aliyeombwa kumtia mgonjwa wake homa ya nyuzijoto 40 alikuwa na haki ya kudai ushahidi na sababu. Coley alikuwa na watu waliopona, lakini sababu hakuwa nayo.

Alifariki Aprili 16, 1936 akiwa na umri wa miaka 74. Baada ya kifo chake sumu yake ilianza kusahaulika, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni iliacha kuitengeneza.

Binti aliyefungua makaratasi

Coley aliacha binti, Helen Coley Nauts, aliyezaliwa mwaka 1907. Hakuwa amesomea udaktari. Miaka michache baada ya msiba alianza kupekua makaratasi ya baba yake kwa nia ya kuandika kitabu cha maisha yake, na humo akakutana na maelfu ya barua na kumbukumbu za wagonjwa.

Mwanamke huyo aliacha kitabu akafanya kazi ya karani na mpelelezi kwa pamoja. Alifuatilia wagonjwa mmoja mmoja, karibu 1,000, akiandika nani alipata dozi gani, kwa muda gani, homa ilipanda kiasi gani na aliishi miaka mingapi. Picha ikaanza kuonekana. Waliotibiwa kwa muda mrefu na kupata homa kali walielekea kufanya vizuri zaidi kuliko walioguswa kidogo tu na kuachwa.

Aligonga milango mingi na kufungiwa. Hatimaye mwaka 1953, akishirikiana na mfadhili Oliver Grace, alianzisha Taasisi ya Utafiti wa Saratani mjini New York. Mtaji wa kuanzia ulikuwa na mchango wa dola 2,000 kutoka kwa Nelson Rockefeller, mtoto wa yule kijana aliyempoteza rafiki yake Bessie mwaka 1891.

Wajumbe wapatikana

Wakati huohuo sayansi ilikuwa ikisogea. Mwaka 1943 Murray Shear, mtafiti wa serikali ya Marekani, alichuja kutoka kwa Serratia kitu kilichosababisha uvimbe wa panya kuvuja damu na kufa. Ilikuwa ni ile sumu ya ndani. Mwaka 1948 Paul Beeson alionyesha kuwa chembechembe nyeupe za sungura hutoa kitu chao wenyewe kinacholeta homa. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na dalili nzito kuwa homa ina mjumbe kutoka ndani ya mwili.

Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alieleza jinsi aspirini inavyozuia prostaglandini, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1977 Charles Dinarello na wenzake walifanikiwa kuisafisha protini ya homa ambayo leo tunaiita intalukini-1.

Lililowagusa zaidi warithi wa Coley lilitokea mwaka 1975. Lloyd Old, Elizabeth Carswell na wenzao, katika kituo kilichotokana na ileile hospitali ambamo Coley na Ewing walivutana, waliwapa panya chanjo ya BCG kisha sumu ya ndani. Katika damu ya panya hao walikuta protini iliyoua uvimbe. Waliiita TNF, jina lenye maana ya kitu kinachofisha uvimbe. Mwaka 1986 ilithibitika kuwa protini hiyohiyo pia huleta homa.

Hapo vipande viwili vya kitendawili vikaungana. Mjumbe aliyekuwa akiwatetemesha wagonjwa wa Coley alikuwa mmoja wa wale walioushambulia uvimbe wao. Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake walionyesha kuwa kipokezi TLR4 ndicho kinachoikamata sumu ya ndani, na mwaka 2011 akawa miongoni mwa waliopata Nobel ya tiba.

Upanga wenye makali mawili

Wapo waliodhani kuwa sasa tiba ya saratani imepatikana chupani. Miaka ya 1980 wagonjwa walidungwa TNF kwenye damu. Shinikizo la damu lilishuka vibaya, kama linavyoshuka kwa mtu ambaye bakteria wamemwenea mwili mzima. Ilibainika kuwa wajumbe wakipita kiasi ndio wanaochangia kumuua mgonjwa wa maambukizo ya damu. Dunia ililiona tena jambo hilo kuanzia mwaka 2020, pale baadhi ya wagonjwa mahututi wa Uviko-19 walipopewa dawa za kumzuia intalukini-6.

Hata hivyo, kazi ya Coley haikupotea. BCG, chanjo ileile ambayo watoto wetu hudungwa wakizaliwa kuwakinga na kifua kikuu, hutumika leo kutibu saratani ya kibofu cha mkojo ya hatua za mwanzo kwa kuiamsha kinga mahali penyewe. Mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel kwa kugundua namna ya kuzifungua breki za kinga ya mwili dhidi ya saratani. Sumu ya Coley yenyewe si tiba inayotumika hospitalini, na hakuna mtu anayepaswa kujiambukiza ugonjwa kwa kutumaini kupona saratani. Vilevile mzazi asingoje homa ya mtoto ifanye kazi yake: mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa king'ora kinasema nyumba inaungua, lakini hakisemi ni chumba gani.

Kuna jambo moja la mwisho. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliidhinisha matumizi ya TNF kama dawa, kwa ugonjwa mmoja tu. Madaktari huutenga mzunguko wa damu wa mkono au mguu kwa pampu, wakaupitishia TNF pamoja na dawa ya saratani, bila kuiachia ienee mwilini. Ugonjwa wenyewe ni sakoma ya mkono au mguu, na lengo ni kuokoa kiungo kisikatwe.

Huo ndio ugonjwa aliokuja nao Bessie Dashiell mwaka 1890, wakati ambapo daktari wake hakuwa na kitu kingine mkononi isipokuwa kisu.